Aliyesema na Chungu

Mgeni mpe jembe siku ya kwanza; ukingoja ya tatu atakuwa ameshaondoka, na hatajua hata shamba lako liko upande gani. Hayo yalikuwa maneno ya Atuganile, na watu walimcheka kwa kupindua methali ya wahenga, wao waliosema mgeni ale na alale siku mbili kwanza.

"Wahenga hawakuwahi kupata mgeni wa ruzuku," aliwajibu. "Huyo anaingia asubuhi, jioni yuko njiani kurudi Mbeya. Ukimlaza, umeilaza bahati yako."

Atuganile alikuwa mkufunzi wa maabara katika chuo kidogo cha afya pembeni mwa mji wa Kyela, mahali ambapo majaruba ya mpunga yanakuja kugusa uzio. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye bati linalopiga kelele wakati wa mvua, ubao, meza ndefu, na hadubini moja ya zamani isiyojua umeme, yenye kioo kidogo chini yake cha kunasa mwanga wa jua. Kwa chombo hicho kimoja darasa zima lilipanga foleni kama kisimani.

Lakini alikuwa na jambo lake, na jambo hilo lilikuwa kichocho.

Alizaliwa Matema, chini ya milima, mtoto wa Tusekile, mama wa Kikisi mfinyanzi wa vyungu. Utotoni alikojoa damu na hakumwambia mtu, kwa sababu kila mtoto aliyeogelea naye alikojoa damu. Alidhani ndivyo mkojo wa watu wa ziwani ulivyo. Alipofika chuoni na kufundishwa kwamba ule ulikuwa ugonjwa, kwamba vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini kisha humwingia mtu kupitia ngozi, alikasirika, na hasira hiyo haijamtoka hadi leo.

Watu wote walisema kichocho ni cha ziwani. Atuganile akaanza kujiuliza: mbona watoto wa Ndandalo na Bujonde, ambao wengine hawajawahi kuliona ziwa, nao wanakojoa damu? Akaanza kuokota konokono wa kwenye majaruba na mifereji. Kuokota kulikuwa rahisi, kufuga ndiko kulikokuwa na kazi. Konokono ni kiumbe mdekaji; maji yakipata joto anakufa, na joto la Kyela linajulikana. Kwenye ndoo walikufa. Kwenye mabeseni walikufa. Ndipo akakumbuka chungu cha mama yake kilichokuwa kikitoa jasho kwenye kona ya nyumba, maji yake baridi mchana kutwa. Akaleta vitatu kutoka Matema, akaweka matope, majani na maji, akakipa kila kimoja mahali pake: chungu cha Matema, cha Bujonde, na cha Ndandalo. Konokono wakaishi. Wakazaana mpaka wanafunzi wakaanza kuwapa majina.

Hapo ndipo aliposikia habari za mfuko wa utafiti uliokuwa ukitafuta watu wa aina yake hasa: wakufunzi vijana wa fani za afya, katika vyuo visivyo na vifaa. Aliomba. Hakuficha kitu, hata vyungu aliviandika. Akajibiwa kwamba ombi limependeza na kwamba mkuu wa mfuko atakuja mwenyewe kuona. Sharti lilikuwa mwombaji awe bado mchanga kazini, na kwake mwaka huo ulikuwa wa mwisho kuitwa mchanga. Akikosa, atachora konokono ubaoni mpaka astaafu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja tu. Kikwazo hicho kilikuwa na kitambi, suti ya kijivu na moyo mwema.

Mzee Hebroni, mkuu wa chuo, alikuwa baba mkwe wake. Atuganile aliajiriwa kwanza, akaolewa baadaye na Anangisye, mnunuzi wa kokoa, na siku alipoingia ukoo ule akamkosa bosi wake. Maana kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye. Wakikaribia kukutana njiani, mzee anakohoa na mkwe anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakaa na wakwe zao kochi moja wakitazama mpira. Kwa Mzee Hebroni haikulegezwa hata uzi mmoja. Kwenye vikao vya wakufunzi Atuganile alikaa nyuma ya kabati, uso dirishani. Wanafunzi walikijua kile kikohozi kuliko kengele ya chuo.

Lolote alilotaka kumwambia Mkuu lilipitia kwa Ipyana, ofisa taaluma. Sasa Ipyana alikuwa kijana mstaarabu kupita kiasi. Maneno ya Atuganile yakiingia kwake yalikuwa na pilipili. Yakifika kwa Mkuu yalikuwa uji wa mgonjwa.

"Mwambie Mkuu hivi," Atuganile alimwagiza mara tu alipojua siku ya ugeni. "Mgeni anatafuta chuo kisicho na kitu. Umaskini wetu ndio cheti chetu. Asipambe, asiazime, asiguse. Maabara ibaki ilivyo."

"Nitamfikishia, dada."

"Kama nilivyosema?"

"Kama ulivyosema."

*

Siku ya mgeni aliamkia Bujonde, kwenye mifereji, kuongeza konokono wa chungu cha pili. Aliporudi, ndoo mkononi na tope hadi magotini mwa mabuti, alisimama mlangoni mwa maabara akadhani amekosea chuo.

Kulikuwa na mapazia. Mapazia, kwenye maabara ya bati! Kulikuwa na friji kubwa jeupe lililoziba nusu ya ukuta, hadubini mbili za umeme zenye skrini, mashine ya kuzungushia sampuli, na feni ya kusimama. Mezani, mahali pa vyungu vyake, palikaa tanki la kioo lenye samaki wa rangirangi, wakizunguka kama watu waliokosea msiba.

"Ipyana!"

"Dada Atu, taratibu, Mkuu yuko ofisini."

"Vyungu vyangu viko wapi?"

"Vimehamishwa kidogo tu. Mkuu kasema mgeni hawezi kuingia maabara akakuta vyungu kama jikoni kwa bibi."

"Na haya madude ni ya nani?"

"Ya watu. Kaazima. Kazunguka mwenyewe, kwa gari lake na mafuta yake. Friji kalitoa kwenye zahanati ya rafiki yake, samaki kwenye hoteli moja Matema. Yaani mzee hajalala kwa ajili yako. Anakupenda mkwewe, dada."

Atuganile akaweka ndoo chini. "Ulimwambia nini, Ipyana?"

"Ulichonituma."

"Nirudishie, nikisikie."

Ipyana akatazama samaki. "Nilimwambia mgeni anakuja kuona maabara. Na kwamba unaomba... pawe sawa."

"Pawe sawa! Nilisema mgeni anatafuta chuo maskini! Nilisema asiguse!"

"Sasa dada, nisimame mbele ya mzee mzima nimwambie chuo chake ni maskini? Mimi nimelelewa."

"Umelelewa, ukalelewa, mpaka ukaungua."

Alikimbilia nyuma ya jiko. Angetile, mpishi wa chuo, alikuwa akichochea moto chini ya chungu kilichofunikwa na kuchemka kwa furaha. Atuganile akakitambua kabla hajafika. Ni cha Matema.

"Mama Angetile. Humo ndani mlikuwa na nini?"

"Uchafu tu, mwalimu, vikonokono. Nimevimwaga migombani." Angetile akafunua, harufu ya nyama ikapanda. "Lakini chungu kizuri hiki! Nyama imeiva ghafla. Mgeni atakula mpaka asahau kwao."

Atuganile akafumba macho. Kizazi kizima cha Matema, na majina yao. Alipofumbua aliona vile viwili vilivyobaki, vimewekwa juani kando ya ukuta kama vimefukuzwa shule. Akatia mkono katika cha Ndandalo. Maji yalikuwa yameanza kupata vuguvugu, lakini konokono walikuwa wameng'ang'ania ubavuni, hai. Akakisogeza cha Bujonde kivulini na kukifunika khanga mbichi. Cha Ndandalo akajitwika kichwani akaenda nacho maabara, kwa sababu kama dunia ingemwachia chungu kimoja tu, basi ni hicho: chungu cha konokono wasiolijua ziwa.

Hajakitua vizuri, honi ikalia getini. Kisha hatua, na kile kikohozi. Hakuwa na pa kukimbilia. Akaingia nyuma ya pazia la kuazima pamoja na chungu chake.

*

Dakta Lusungu, mkuu wa mfuko, alikuwa mama wa makamo mwenye kitenge na viatu vya kutembelea, mzaliwa wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na Kiswahili chake kilikuwa na mteremko wa Malawi. Hakuwa mtu wa kupoteza muda.

"Hizi hadubini ni zenu?"

"Za kisasa kabisa, Daktari," alisema Mkuu.

"Na friji?"

"Friji lipo, kama unavyoliona."

Lile halikuwa jibu, lakini sauti yake ilijaa fahari, na kwa kuijaza zaidi akamgeukia Ipyana. "Washa vyote, Daktari aone vinavyofanya kazi."

Ipyana akachomeka friji, hadubini, mashine na feni kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni kwenye soketi pekee ya maabara, ambayo tangu izaliwe haijawahi kubeba zaidi ya chaja ya simu. Taa zikang'aa. Friji likaguna. Feni ikapeperusha pazia, Atuganile akalikamata kwa meno. Kisha paa! Moshi mwembamba, harufu ya plastiki iliyoungua, na kimya. Samaki peke yao waliendelea na kazi.

"Hitilafu ndogo," alisema Mkuu, akijifuta jasho.

"Waya si kitu, mzee, waya unafungwa upya. Shida yangu ni nyingine." Dakta Lusungu akatazama chumba kizima taratibu. "Nimetembelea vyuo vingi kwa kazi hii. Sijaona chenye friji kama hili. Hongera sana."

"Ndaga fijo!" Mkuu akachanua, akishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, Daktari!"

"Na ndiyo maana siwezi kuwapa ruzuku. Fedha yetu ni ya vyuo visivyo na vifaa. Ninyi mmeshavuka, tena mmevuka mbali. Nikikupa wewe, nimemnyang'anya mwenye shida."

Uso wa Mkuu ulijifunga kidogo kidogo kama duka la jioni. Akamtazama Ipyana, Ipyana akawatazama samaki. Mzee angesema nini? Kusema vitu ni vya kuazima kulikuwa kujivua nguo mbele ya mgeni, yeye na chuo chake, na watu wa zamani heri wafe kwa kiu kuliko kufanya hivyo. Dakta Lusungu akabana mkoba wake kwapani, tayari kuaga.

Nyuma ya pazia, Atuganile alisikia mkoba ule ukifungwa kama mlango. Amtume Ipyana? Atapeleka uji. Aseme mwenyewe, mbele ya baba mkwe, kwa sauti, tena kumkanusha? Haijawahi kutokea katika ukoo ule. Angekaa kimya basi, awe mkwe mwema, na watoto wa Ndandalo wakojoe damu kwa heshima.

Akatazama chini. Chungu kilikuwa kikimtazama kwa mdomo wake mpana. Chungu hakina ukwe na mtu.

"We chungu!"

Mkuu akaruka. Ipyana akashika kichwa. Dakta Lusungu akageuka.

"Nasema na wewe, chungu cha mama yangu," sauti ikaendelea nyuma ya pazia, wala haikutetemeka. "Umefukuzwa maabara leo, mahali pako wakawekwa samaki. Uliwahi kuliona friji lile? Hujaliona. Lina mwenyewe, na jioni linarudi kwa mwenyewe. Hadubini zile zina wenyewe. Samaki wale wana hoteli yao Matema, na nadhani wanaikumbuka. Hata pazia hili ninalojifichia linanukia sanduku la mtu! Cha kwetu hapa ni hadubini moja ya jua, wewe, na hao konokono wa Ndandalo uliowabeba tumboni, wasiolijua ziwa. Mwenye chuo hakukusudia kudanganya, chungu. Alitaka kumkirimu mgeni, na maneno yangu kwake yalipotelea njiani kwa mtu aliyelelewa sana. Lakini mgeni akiondoka na hiki alichokiona, ameondoka na uongo, na wewe na mimi kazi yetu imekwisha. Nimemaliza, chungu. Kama una masikio, umesikia."

Mzee Hebroni akachukua gazeti lililokuwa mezani, akalikunjua, akajifunika uso, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kikohozi cha ukwe kilisikika kikitokomea migombani hata alipokuwa hana tena mtu wa kumwonya.

Dakta Lusungu akafunua pazia. Akamkuta mwanamke kijana mwenye mabuti ya tope, ameshika kingo za chungu kwa mikono miwili.

"Yule ni mkweo?"

"Ndiyo, mama."

"Iwe!" Mgeni akashangaa kwa lugha ya kwao, akakaa juu ya kiti cha kwanza alichokiona, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Kwetu Karonga ni vilevile. Mimi nilisema na baba mkwe wangu kupitia mbwa. Mbwa yule alijua siri zote za ukoo, tulimzika kwa heshima." Akajifuta machozi, kisha uso ukarudi kazini. "Haya. Nionyeshe hicho chungu kinachosikia."

"Kuona tu hakutoshi," alisema Atuganile. Alivua mabuti yake akayasukuma mbele ya mgeni, akatoa na chujio la jikoni alilolifunga kwenye fimbo ndefu. "Vaa haya. Mimi nitaazima ya mlinzi. Kwetu wanasema mgeni apewe jembe siku ya tatu, ila wewe huna siku ya tatu."

Kabla ya kutoka alivaa glavu, akaokota konokono kutoka chungu cha Ndandalo, akaweka mmoja mmoja kwenye glasi za maji safi, akazipanga dirishani palipopigwa na jua. "Jua likiwachoma kidogo," alieleza, "aliyebeba vimelea atavitoa. Tuwaache wafikiri."

Gari la mgeni likawapeleka Ndandalo. Dakta Lusungu aliingia jarubani kwa mabuti makubwa kuliko miguu yake, akachota tope kwa chujio, akapepeta, akachota tena. Mara ya kwanza alipata majani, ya pili akapata chura, ya tatu akapiga kelele kama msichana: konokono wawili, wadogo kama punje za mahindi. Watoto walikuwa wameshajipanga juu ya tuta kutazama wazee wanaocheza matope.

"Ninyi huwa mnaoga hapa?" aliwauliza.

"Tunaamia ndege, halafu tunaoga."

"Na ziwani mnaenda?"

Wakaangaliana. "Baba anasema tutaenda Krismasi," alisema mmoja. "Kila mwaka anasema."

Dakta Lusungu akashusha sauti. "Kuna anayekojoa damu?"

Wakacheka kwa aibu, wakasukumana, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole, mpaka ikawa hakuna ambaye hakunyooshewa. Mgeni hakucheka. Walirudi garini, tope likikauka kwenye kitenge chake.

Maabara ilikuwa bado haina umeme. Hadubini za skrini zilikaa gizani kama wageni waliokosa lugha. Atuganile akaburuta meza hadi mlangoni, akaweka ile ya zamani, akageuza kioo chake huku na huku mpaka kikalinasa jua. Akachukua tone kutoka glasi ya mwisho ya dirishani.

"Tazama, mama."

Dakta Lusungu akainama. Ndani ya duara la mwanga vilikuwa vikicheza vijidudu vyembamba, vingi, kila kimoja na mkia uliogawanyika kama panda ya manati. Aliinama kwa muda mrefu.

"Hawa ni wa Ndandalo?"

"Wa Ndandalo."

"Wasiolijua ziwa."

"Hawalijui."

Mgeni akainua kichwa, na sasa macho yake yalikuwa ya mtahini. "Utajuaje kwamba hivi ni vya binadamu? Ng'ombe wana vya kwao. Bata wana vya kwao. Mikia inafanana."

Ipyana, aliyekuwa amejibanza kando ya friji, alimtolea Atuganile macho ya kusihi: sema unajua.

"Sijui," alisema Atuganile. "Nadhani ni vya binadamu, kwa sababu ya wale watoto. Lakini kudhani si kujua, na kipimo cha kuvitofautisha hakipo hapa. Ndicho ninachokiombea. Ningekuwa ninajua nisingekuita."

Dakta Lusungu akavua mabuti taratibu. Hakuahidi kitu. Alikula nyama ya Angetile, akasifu chungu, akaaga. Lakini mlangoni alishika kidole cha Atuganile, akakibana.

"Wote huniambia wanajua," alisema.

*

Kesho yake Atuganile alipofungua maabara, vitu vya watu vilikuwa vimeondoka. Tanki limeondoka, mapazia yameondoka. Vyungu viwili vilikuwa vimerudi mezani mahali pake, na cha tatu kando yake, kimesuguliwa masizi, kikingoja konokono wapya. Chini ya kila kimoja palikuwa na kata ya majani makavu ya mgomba, imesukwa vizuri kwa mkono wa mtu wa zamani, kisitikisike. Aliuliza nani kaziweka. Hakuna aliyejua. Kutoka ofisini kulisikika kikohozi kifupi.

Ukoo, hata hivyo, ulikuwa na midomo yake. Kwamba mke wa Anangisye amemuumbua mkwewe mbele ya mgeni. Kwamba amepandisha sauti. Kwamba chuo kimemharibu.

Habari ya ruzuku ilimkuta Matema, siku ya soko la vyungu, akiwachagulia konokono wake wa ziwani maji mapya. Simu ililia, akasikia mteremko ule wa Karonga ukisema, "Kiambie chungu kimeshinda." Atuganile hakumbuki alichojibu. Anachokumbuka ni kwamba alikaa chini mchangani katikati ya vyungu vya watu, akilia na kucheka, na kwamba mama yake alidhani mtu amefariki.

"Nani? Nani?"

"Hakuna, mama. Nimepata! Nitajua vile vijidudu ni vya nani. Nitawapima watoto wote, Ndandalo, Bujonde, na hapa. Na vyungu nitavinunua kwako, vimeandikwa kwenye bajeti."

Tusekile akasimama, mikono kiunoni, mavumbi ya udongo hadi viwikoni. "Vyungu vyangu vimeandikwa?" Kisha akapiga kigelegele ambacho kiligonga milima na kurudi, na wafinyanzi wote wa soko wakakidaka, mpaka wavuvi wakaacha nyavu zao wakauliza bibi harusi yuko wapi.

Jumapili yake, baada ya ibada, ukoo ukamwita.

Wazee walikaa sebuleni kwa Mzee Hebroni. Atuganile alikaa upande wa pili wa mlango, ukumbini, kama desturi inavyotaka. Alikuja na mchele mpya, mkungu wa ndizi na samaki mkubwa wa kukausha, mbasa wa ziwani. Anangisye alisimama kizingitini, nusu ndani, nusu nje, akisafirisha maneno.

Mzee Andongwisye, kaka mkubwa wa Hebroni, ndiye aliyesema. "Tunafurahi. Ruzuku ni heshima kwa ukoo. Lakini mwambie mkeo: huyu mkwewe alijifunika gazeti kama mwizi. Vitu alivyoleta mkeo tumeviona. Sasa alete na neno. Aseme 'nisameheni', tule, mambo yaishe."

Anangisye akageukia ukumbini, akanong'ona, "Neno moja tu, mke wangu. Halikupunguzii kitu."

"Au leo naye anasubiri chungu?" Mzee Andongwisye akapaza sauti, na wazee wakacheka. "Mpelekeeni sufuria!"

Atuganile akajifunga khanga vizuri. "Anangisye, peleka maneno yangu, na usipunguze hata moja, usije ukawa Ipyana. Waambie mchele na samaki ni vya heshima, maana baba mkwe wangu ninamheshimu; alizunguka nchi nzima kwa ajili yangu, na aliyeweka kata chini ya vyungu vyangu ninamjua. Wavile kwa furaha. Lakini si vya kuomba radhi. Mdomo wangu uliisema kweli, na kweli hiyo itawatibu watoto wa nchi hii, na wajukuu wao wakiwemo."

Sebuleni kikasikika kile kikohozi kinachojulikana na chuo kizima, ila safari hii kilikuwa na kicheko kilichobanwa ndani yake.

"Hebroni, unacheka?" aliuliza Mzee Andongwisye.

"Nimepaliwa," alisema Mkuu.

"Basi aseme nusu ya neno!" Mzee Andongwisye akapiga fimbo sakafuni. "Aseme tu kwamba hatarudia!"

Anangisye akageuka tena, macho yakiomba. Atuganile hakungoja ayalete. Aliyasikia vizuri, na alijibu kwa sauti iliyofika sebuleni bila mjumbe.

"Nitarudia. Siku yoyote wakimwaga konokono wangu, nitarudia, na kwa sauti kubwa zaidi. Siombi radhi."